Mchi wa Shangazi na Madigadi ya Kaka

Kaka yangu alirudi kutoka Dar es Salaam na gari jeupe la Kijapani, mtumba wa wakati ule biashara ilipofunguliwa na magari yakaanza kumiminika. Mmiliki wa kwanza alikuwa amelikata springi, likakaa chini kama kuku anayeatamia. Sisi wa kijiji cha Nkoma tulizoea magari yaliyonyanyuliwa ili yapite mashimo. Nililipenda hapohapo.

Harusi yangu ilikuwa Jumamosi ya wiki ile. Baba alishafariki, na kaka aliahidi kunipeleka mwenyewe kanisani Bariadi, kiti cha nyuma nikae na shangazi na mpambe wangu. Ndugu wa mume walishatuambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba kigari kikishindwa, pikapu yao ya kubebea pamba ipo. Niliapa sitaipanda.

Jumatano fundi akaja na baiskeli yake kutoka Somanda. Matairi ya nyuma yalikuwa yameinamia ndani kwa juu, yakilika upande mmoja tu. Fundi alining'iniza timazi ya waashi, ule uzi wenye uzito mwishoni, kwenye madigadi, akalegeza bolti, akapachika washa za chuma, akapima tena mpaka matairi yakasimama sawa na uzi. Kisha kaka, ambaye msimu ule alikuwa karani wa mnunuzi binafsi wa pamba na alijiona bingwa wa uzito, akajaza magunia matatu ya pamba kiti cha nyuma, akazunguka kijiji. Hakuna tairi lililogusa bati. Alirudi anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Imeisha hiyo," akasema.

"Kaka," nikamwambia, "shangazi si pamba."

Shangazi alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba na masikio yake hayakuwa na likizo. Alikuja na mchi mkononi, akatupa magunia nje, akaketi katikati. Mimi na mpambe tukambana huku na huku. Gari likashuka. Hatukufika hata kwenye zizi. Bati liliuma tairi kwa mlio uliowatawanya ng'ombe, harufu ya mpira ikajaa ndani. Kaka alizima injini, akabaki ameshika usukani. Nilijua anaiona kichwani ile pikapu ya pamba. Nilimwonea huruma, na pia nilitamani kumzaba kofi.

Fundi akakiri kosa. Kuyanyoosha matairi kumeyasogeza nje, yakakutana na ukingo wa madigadi. Inabidi ayarudishie mwinamo kidogo, na ule ukingo ukunjwe. "Halafu nilipima gari tupu," akasema. "Sasa nitapima na nyinyi ndani."

Basi tukawa kazini. Akigusa bolti tunashuka, akishika timazi tunapanda, na shangazi kila akipanda anauliza kama amepungua. Uzi ulipomridhisha, fundi akautazama ule mchi.

"Huo unatwangia chakula cha watu," shangazi akasema.

"Nitauosha, mayu," fundi akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Utauosha mara mbili."

Akauchomeka kati ya tairi na madigadi, majirani wakasukuma gari taratibu, mchi ukabingirika ukikunja ukingo wa bati kwa ndani. Tulipanda tena watatu, tukapita zizi, tukapita bonde, tukarudi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Lakini njia ya Bariadi ilikuwa bado haijatujaribu.

Jumamosi kaka aliendesha huku sikio amelitoa dirishani. Shangazi alianza kuimba tangu nyumbani. Kaka akamwomba anyamaze kidogo ili asikie matairi. Akanyamaza. Pikapu ya ndugu wa mume ilitufuata nyuma, ikisubiri tu tukwame. Tukashuka kwenye korongo, gari likalemea nyuma, nikafumba macho nikiomba. Tukapanda upande wa pili. Zilisikika kokoto tu, mpaka paa la kanisa likatokea.

"Shangazi, imba sasa," kaka akasema.

Shangazi akaimba, mpambe akaitikia. Mimi nilitazama kisogo cha kaka. Wiki nzima niliomba matairi yasiguse, na sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba jioni gari lile lingerudi Nkoma bila mimi.