Mama Alipotoka Umoja wa Omena

Mama alitoka kwenye umoja wa akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wa soko la Otonglo siku ya Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, na sababu aliipata kwenye redio. Niseme mapema kwamba sikumuunga mkono. Niseme pia kwamba sikumkataza, maana ukimkataza mama yangu umemwongezea mafuta, na mimi tabia hiyo nimeirithi yote bila kupunguza.

Wiki hiyo redio ilikuwa haina habari nyingine. Waingereza wametoka kwenye umoja wao na nchi za Ulaya, ule wa kufanya biashara pamoja na kutungiana sheria. Mama alisikiliza huku akipepeta omena. Mtangazaji akasema Waingereza walichoka kuamuliwa mambo yao na watu wengine. Hapo Mama akaacha kupepeta, akaongeza sauti ya redio.

Kumbe naye alikuwa na lake. Umoja ulikuwa umepitisha kwamba kila mtu apime omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na mkebe ukijaa upitishiwe kijiti juu ubaki sawasawa. Sasa mama yangu, tangu nikiwa shule ya msingi, gorogoro yake ilikuwa na kichwa. Anajaza mpaka omena zinamwagika, halafu anaongeza kiganja, na mteja anarudi kesho na shemeji yake. Kijiti kwake kilikuwa matusi.

Meza ya pili alikaa mwenyekiti wa umoja, ambaye pia ndiye rafiki yake mkubwa. Mama akamgeukia.

"Kama Waingereza wametoka, mimi ni nani nibaki?"

"Waingereza wanauza omena?" mwenyekiti akauliza.

"Wanauza vyao. Nimetoka."

Mwenyekiti alidhani ni mzaha. Mama akatoa kamba ya katani, akaifunga kati ya meza yake na za wenzake, akakaa upande wake na gorogoro yenye kichwa, amejaa raha.

Ilipofika saa sita akataka kwenda choo.

Ufunguo wa choo cha soko ulikuwa wa umoja. Walikijenga wao, wanakiosha wao, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mwenyekiti. Mama aliuangalia ule ufunguo nusu saa nzima. Mwishowe akavuka barabara kwenda kanisani, akamwambia mlinzi amekuja kuomba. Alienda kuomba mara tatu siku hiyo. Mlinzi alimsifu kwa kumcha Mungu.

Jioni Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliuliza kama kuna muda wa mpito. "Si Waingereza walipewa?" akasema. Mama akamwambia ale ugali wake.

Halafu kukawa na suala la omena zenyewe. Lori linaloleta omena kutoka Luanda Kotieno, kule ziwani, ni la kukodiwa na umoja. Mama akaenda mwenyewe ufuoni, akarudi na gunia la omena ambazo hazijakauka vizuri, na mvua ikanyesha siku mbili. Turubai za kuanikia nazo ni za umoja. Basi omena zikaanikwa nyumbani: juu ya makochi, juu ya kabati, na usiponiamini kamuulize Baba, juu ya kitanda chao. Paka wote wa Otonglo wakahamia kwetu. Nilimwambia Mama kwamba angalau umoja wake mpya umeshapata wanachama. Alinirushia ndala.

Ningeendelea kucheka tu, lakini dada yangu hakuwa anacheka. Alikuwa ameposwa na kijana wa Sondu, na wazee wa kijana walikuwa wametuma habari kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja kuongea na Baba juu ya ng'ombe wa mahari. Kwetu siku hiyo si ya chakula tu. Wageni wanaangalia ni nani amepika. Mama wa nyumba akizungukwa na akina mama wenzake, wakwe wanajua binti anatoka kwa watu. Akipika peke yake, wanaanza kujiuliza kuna nini. Na sufuria kubwa, hema, viti, na mikono ya kusonga ugali wa watu ishirini na wawili, vyote vilikuwa upande wa pili wa kamba.

"Mama, nenda uongee nao," dada akamwambia. "Watu wa Sondu watauliza watu wetu wako wapi. Utawaambia nini?"

"Nitaalika majirani."

Majirani wote walikuwa kwenye umoja. Alibaki mama mmoja muuza viazi, aliyehamia kutoka upande wa Nyeri, mtu mzuri kupita kiasi. Alikuja Jumamosi alfajiri akiwa na moyo safi na sufuria ya watu sita.

Tulisonga ugali kwa awamu. Awamu ya nne ikiiva, ya kwanza imekuwa jiwe. Samaki wakaungua upande mmoja, tukawapanga upande mzuri ukiangalia juu. Na juu ya hayo yote kulikuwa na bwana harusi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, wanaheshimiana kwa mbali. Lakini huyu kijana, sijui ni woga au ni njaa, kila dakika kumi alipotea njia akatokea jikoni. Kila akitokea, Mama anakimbilia nyuma ya tangi la maji, mwiko mkononi, na ugali unaungua. Nilihesabu mara tano. Mara ya sita mama wa viazi naye akakimbia, ingawa yeye hakuwa mkwe wa mtu.

Ndipo dada akatoka chumbani. Siku hiyo hakutakiwa hata kugusa kijiko. Alivua viatu vyake vya visigino, akajifunga leso juu ya gauni jipya, akashika mwiko, akaanza kusonga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuna aliyesema ni moshi.

Shangazi wa bwana harusi akaja nyuma kutafuta maji ya kunawa. Akamkuta bi harusi ana majivu mpaka kwenye kope. Halafu akauliza kwa upole, na upole ndio uliouma:

"Mwanangu, watu wenu wako wapi?"

Mama alikuwa nyuma ya tangi na alisikia kila neno. Shangazi alipoondoka, Mama akanishika mkono.

"Kimbia sokoni. Waambie nimeomba."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilikimbia kama mwizi.

Nikawakuta wote wamekaa kwenye meza zao, aproni zimefungwa, sufuria na viti vimeshapangwa kwenye mkokoteni. Tangu saa moja asubuhi walikuwa hivyo, wala hawajauza hata gorogoro moja. Nilipandwa na hasira pale pale.

"Mlijua! Mbona hamkuja?"

"Mtu aliyetoka haingiliwi nyumbani kwake," mwenyekiti akasema, akiinuka. "Anaita. Ameita?"

"Ameomba."

Nusu ya soko ikafuata mkokoteni. Muda si muda hema lilisimama, ugali ulitoka mmoja, mkubwa, wa moto, na mama wa viazi akapewa kazi ya mchuzi, akaifanya vizuri kuliko sisi sote. Dada alirudishwa ndani akaoshwa uso. Shangazi wa Sondu alitazama wale akina mama wakipishana na masinia, akamwambia Baba, "Kumbe mna watu." Baba akasema ndiyo. Mambo ya ng'ombe yakaisha salama.

Mama naye alishika mwiko aingie kazini. Mwenyekiti akauchukua mkononi mwake, polepole, bila ubaya wowote.

"Hapana, Mama. Wewe ni mgeni. Keti."

Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nyumbani kwake mwenyewe, siku ya binti yake, safu moja na mashangazi wa Sondu. Mikono yake haikuwa na kazi. Aliipanga magotini, akaipangua, akaipanga tena.

Mwenyekiti akapita na birika akimimina chai. Huyo ndiye aliyemkorogea mama yangu chai ya saa nne kila siku ya soko kwa miaka kumi na minane. Alipomfikia aliinama, akauliza kwa adabu ile ile aliyowauliza wengine:

"Mama, unaweka sukari vijiko vingapi?"

Mama alimwangalia. Nilitaka kucheka, halafu nikaona amekishika kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni.

"Vitatu," akasema. "Asante."