Mfereji Nilioupitisha Mwaloni

Miaka ya tisini, pale Rwamgasa, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pampu. Wenzangu watano walishuka duarani, yaani kwenye shimo letu la dhahabu, nami nilibaki juu nikitoa maji. Sheria yetu ilikuwa moja tu: mtu akiwa chini, pampu haizimwi. Maji yakipanda udongo unalainika, na kuta zinawaangukia.

Mfereji wa kutolea maji hayo niliuchimba mwenyewe wakati wa kiangazi, na nilijisifu kweli. Nani amwage maji bure jua likiwaka vile? Niliupitisha mwaloni, kwenye vidimbwi ambako watu waliosha mchanga na kunasa dhahabu kwa zebaki. Waoshaji walinishangilia kama mbunge.

Kisha masika yakaja. Vidimbwi vilifurika, na maji yake yakateremka hadi kwenye lambo ambako kijiji kizima kilichota maji na kunyweshea ng'ombe. Nilijua yamebeba zebaki. Kila siku nilisema nitauhamisha mfereji kesho, na kila siku duara lilijaa tena. Isitoshe, upande wa pili kulikuwa na mwamba, na nyuma ya mwamba duara la watu ambao wangenifukuza na masururu. Nilibanwa, na hasira nilizimalizia kwenye pampu, naitukana kama mtu.

Mama yangu alikaa karibu na lambo. Nikaanza kumpelekea madumu ya maji ya kisima cha mbali kwa baiskeli. Wiki haikuisha, akanishtukia.

"Unahangaika nini na madumu, lambo si hili hapa?"

"Mayu, ya lambo usinywe. Yana zebaki ya mwaloni."

Akaniangalia. "Na jirani yangu mwenye mapacha, umemwambia?"

Ningemwambia, kijiji kingepanda na majembe kufukia mfereji, na maji yangewarudia wenzangu. Nilimweleza hivyo, nikamsihi asiseme.

"Basi umenifunga mdomo na mimi," akasema. "Nimeteka maji na yule mama miaka yote. Leo nimpite nimejitwika ya kwangu kichwani?"

Dumu lile alimpelekea yule mama wa mapacha, bila kusema neno. Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga na mwoga, vyote kwa pamoja.

Asubuhi yake wenzangu walikuwa wameshashuka. Kutoka pale juu niliona mtu anatembea ukingoni mwa lambo na ndoo, polepole, hadi pale maji ya mwaloni yanapoingilia. Nikamtambua kwa kitenge. Nikapiga kelele, pampu ikaimeza sauti yangu. Nikashika swichi niizime anisikie. Chini kulikuwa na watu watano, na kamba ilikuwa inatikisika, wanapandisha mawe.

Mama aliinua uso kuniangalia. Najua aliniona, maana alisimama kidogo akingoja. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi, na sikuizima.

Akainama, akakinga maji kwa viganja viwili, akanywa. Akajaza ndoo, akajitwika, akaenda zake nyumbani kwa njia ile ile ya wateka maji wenzake.