Herufi Ndogo Kwenye Senti ya Tundu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Neema, ilikuwa siku ya kawaida tu. Treni ya abiria ilikuwa imechelewa kama kawaida yake, wauza asali walikuwa wamejilalia stesheni wakiisubiri, nami nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu hapa Itigi na kikopo cha sarafu mapajani. Nitakusimulia. Lakini kwanza tuseme la kwako.

Juzi nilikupa senti ya tundu uniangalizie kama ina herufi ndogo, maana macho yangu siku hizi yananionyesha watu wawili pale aliposimama mmoja. Ukasema, "Ipo, bibi." Ulisema haraka mno, na simu ilikuwa mkono wa pili. Sikukujibu kitu. Usidhani nilikasirika, ni kwamba nilimkumbuka kaka yangu Ramadhani.

Baba yangu, ambaye hukumkuta, alikuwa akinunua nta kwa warina asali wanaotoka vichakani, akiiyeyusha nyuma ya nyumba. Nguo zetu zote zilinuka nta, hata sare za shule. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ugonjwa wake ulikuwa sarafu za Mwingereza. Pesa zetu wenyewe zilipoingia na zile za mfalme zikaondolewa, watu waliwapa watoto wachezee, wengine wakazitunga shingoni. Baba akawa anazikusanya: shilingi zenye simba, sumni za nusu shilingi, ndururu za senti tano, na hizi senti kumi za rangi ya shaba zenye tundu katikati. Mama alimuuliza mara nyingi zitanunua nini. Baba alimjibu kwamba hata yeye hakumwoa ili akanunue naye kitu dukani. Mama alicheka, swali likaishia hapo.

Sasa sikiliza vizuri, maana kila kitu kinasimama hapa. Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni alimfundisha baba kwamba sarafu hizi hazikutoka kiwanda kimoja. Kuna zilizogongwa London, nazo mara nyingi hazina alama. Kuna zilizogongwa viwanda vingine, na hizo zimewekewa herufi ndogo, ndogo kama yai la chawa, karibu na mwaka. Kwa hiyo sarafu mbili zinaweza kulingana jina la mfalme, mwaka, na kila kitu, moja ikawa ya kawaida na mwenzake ikawa adimu, kwa sababu ya herufi hiyo tu. Kulikuwa na senti kumi ya mwaka fulani ambayo baba aliitafuta tangu sisi tukiwa wadogo. Zisizo na herufi alikuwa nazo tele. Yenye herufi hakuwahi kuishika.

Huwezi kuiona herufi ile jua likiwa utosini. Unasubiri jua la saa kumi, linapoingia mlangoni limelala, kisha unainamisha sarafu taratibu mpaka herufi itoe kivuli. Baba alitufundisha hivyo sisi wawili, mimi na Ramadhani. Ilikuwa raha, mwanangu. Mpaka leo jua la saa kumi likigusa kizingiti, mikono yangu inatafuta cha kushika.

Kisha macho ya baba yakaingia ukungu. Kwanza alipoteza herufi, halafu mwaka, mwisho akawa anaijua sarafu kwa tundu lake tu. Ramadhani ndiye mkubwa, akawa anamsomea. Na bahati ya ajabu ikaingia nyumbani! Sarafu ambazo baba alizisaka miaka yote bila mafanikio, sasa zikawa zinapatikana kila mwezi. Baba anashika senti, anauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Rama, ipo?" Ramadhani anasema, "Ipo, baba." Baba anapiga kofi gotini, anaiweka kwenye kikopo kidogo cha zenye herufi. Zile za kawaida zilikwenda kwenye mfuko wa gunia. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona, akaanza hata kuimba wakati wa kuchuja nta, na alikuwa haimbi vizuri.

Ramadhani akaondoka kwenda Sekenke kutafuta dhahabu, kama vijana wengi wa wakati ule. Kazi ya macho ikanishukia mimi. Siku ile ya treni kuchelewa, baba alinipa kikopo kidogo nizifute vumbi sarafu zake, kwa sababu rafiki yake, Mzee Ntandu wa Mtinko, naye mgonjwa wa sarafu, alikuwa anakuja na treni hiyo. Walikuwa wamekubaliana kubadilishana. Mzee Ntandu angeleta peni kubwa ya Uingereza ambayo marehemu ndugu yake alirudi nayo kutoka vita vya Burma, na baba angempa mojawapo ya senti zenye herufi. Peni ile ndiyo kitu pekee Mzee Ntandu alichobakiwa nacho cha ndugu yake.

Nikaiinamisha ya kwanza juani. Hakuna herufi. Ya pili, hakuna. Nikadhani ni macho yangu, nikasogea karibu na kizingiti. Kikopo kizima, mwanangu, hakikuwa na herufi hata moja.

Nikinyamaza, baba atamdhulumu rafiki yake bila kujua, na mzee wa watu ataachana na kumbukumbu ya ndugu yake kwa senti ya kuchezea watoto. Nikisema, nitaizima furaha ya baba, na nitamchongea kaka yangu ambaye hayupo kujitetea. Nilitaka sana kunyamaza. Nilitamani treni ile isifike, na Mzee Ntandu naye asifike.

Baba akatokea uani akipapasa ukuta. "Halima, zinang'aa?"

"Baba," nikasema, "herufi hazipo."

"Kwenye ipi?"

"Kwenye zote."

Hakunigombeza. Akanyoosha mkono, nikampa kikopo, akakifunika na kuingia ndani. Hakula. Mama alikuja jikoni akiwa amewaka. "Ungenyamaza ungepungukiwa nini? Mzee wa watu haoni, kitu gani kingine kinamfurahisha?" Nililia mpaka ugali ukashika chini ya sufuria, nao ukawa kosa langu la pili siku hiyo.

Kesho yake jua lilipofika mlangoni, baba akaita. "Halima, lete mkeka. Mwaga za kikopo, na za mfuko pia. Tuanze upya."

"Za mfuko ni zile za kawaida, baba."

"Nani kasema ni za kawaida? Ni yule yule aliyesema hizi zina herufi."

Nikaanza kumsomea. Haipo. Haipo. Haipo, baba. Kila nikisema, alitikisa kichwa na kunyoosha mkono kupokea, tukaendelea hivyo mpaka nikachukia sauti yangu mwenyewe. Tulishaingia katikati ya za mfuko nilipoinamisha senti moja chafu, na pale karibu na mwaka kikatokea kivuli kidogo. Nikaigeuza upande mwingine, nikairudisha. Kilikuwepo.

Niliogopa kuliko jana yake. Atajua namfariji. Atasema huyu naye ameanza.

"Baba," nikasema, "hii ipo."

Nikamwambia haraka haraka, "Ngoja nilete nta, baba, niibonyeze senti humo, labda ukucha wako utaisikia herufi."

"Haina haja," akasema. "Tangu saa ile unaniambia haipo. Ukisema ipo, ipo." Akaipokea, akaifumba kiganjani, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yale yasiyoona. Mimi nami nikalia, safari hii bila kuunguza kitu.

Treni ilipofika hatimaye, na Mzee Ntandu akisha kusalimiwa, baba alimwambia wazi: "Nilikuambia ninazo nyingi. Ninayo moja." Yule mzee alitoa kioo chake cha kukuzia, akaitazama, akacheka kwa furaha, akamwekea baba peni kiganjani. Senti yenye herufi ikaenda Mtinko. Kuhusu ile peni, kichwa cha mfalme kimeinuka, na baba alikisikia mwenyewe kwa kidole gumba. Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Aliipapasa kila siku mpaka alipofariki.

Ramadhani alirudi kutoka Sekenke bila dhahabu, amekonda, nikamwambia yote. Hakubisha. Alisema, "Nilikuwa nikimwangalia baba, sikuwa nikiangalia sarafu." Ni kweli. Baba alipouliza kwa sauti ya matumaini, Rama alisema ipo. Alipouliza kwa sauti ya uchovu, Rama alisema haipo. Ndiyo maana ile ya kweli aliitupa kwenye gunia. Alimpenda baba sana, mwanangu, sitaki mtu aseme vinginevyo. Lakini upendo ule ulimwacha mzee gizani mara mbili.

Sasa umeelewa kwa nini nilijua kwamba hukuiangalia. Senti niliyokupa juzi ilitoka kwenye kile kikopo kidogo, na mle hakuna yenye herufi. Iliyokuwepo ilikwenda Mtinko kabla mama yako hajazaliwa.

Neno langu kwako ni hili. Mtu akikukabidhi macho yake, awe bibi yako, awe mgonjwa, awe mume au rafiki anayekuuliza jambo asiloweza kuliona mwenyewe, usimtazame usoni kwanza ili ujue anataka kusikia nini. Tazama kile alichokupa ukitazame. Kama haipo, sema haipo, kwa sauti ya upole, kisha ukae naye, usimkimbie na huzuni yake. Atanuna, pengine hatakula. Lakini siku utakapomwambia ipo, atakuamini bila kutaka kubonyeza nta.

Kwenye kisahani pale dirishani nimekuwekea senti nyingine. Mama mmoja aliniletea kutoka sokoni, na hii mimi mwenyewe sijui habari yake. Subiri jua la saa kumi, weka simu pembeni, uiinamishe taratibu.

Mungu akutunzie macho yako mpaka uzeeni, Neema. Na yakichoka kabla yako, akujalie mtoto wa kukuambia haipo.