Mpaka Uliokuwa Bomba la Maji

Saa mbili asubuhi. Josia Karugendo anavua koti, analikunja, analilaza juu ya jani la mgomba, kisha anainua sururu. Mbele yake wameketi wazee wanane wa baraza pamoja na mukungu, mkuu wa kijiji, aliyevaa kanzu safi. Nyuma yake amesimama mjane anayeitwa Ephrasia, mikono kifuani.

Hapa ni nje kidogo ya Muleba, katika kibanja cha migomba na kahawa. Karugendo anachimba kwenye shina la mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao kila Mhaya anaujua tangu utotoni. Ukiuona umesimama kibanjani, hapo ndipo shamba la mtu linapokoma na la jirani linapoanza. Hakuna anayeuchezea, na anayeung'oa ajiandae kujibu mbele ya ukoo mzima.

Leo Karugendo anataka kuonyesha kwamba mulamula huu, na mingine minane iliyopangana nao, haikuwahi kuwa mpaka wa mtu. Aliipanda yeye mwenyewe miaka minane iliyopita, na chini yake kuna bomba la maji.

"Nikikosa bomba hapa, nitakuwa mwongo mbele ya wazee," anasema huku akifuta jasho. "Na mama huyu atakuwa amenyang'anywa kaburi la mumewe mara ya pili."

Karugendo ana miaka arobaini na saba na anaishi Buhembe, Bukoba. Amekuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na miwili. Michoro ya mabomba ya mji imeliwa na mchwa nusu nzima ofisini, kwa hiyo maji yakipasuka Miembeni, injinia wa Kizungu haulizi ramani, anamwita Karugendo. Mshahara wake ni shilingi mia na themanini kwa mwezi. Mwaka juzi alinong'onezwa kwamba injinia huyo akirudi kwao, yeye ndiye atakayekuwa msimamizi wa mabomba yote ya Bukoba na Muleba, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

"Nilikwisha kushonesha suruali ndefu za kaki, za msimamizi," anasema, na kicheko chake hakina furaha.

Mwaka 1949 alitumwa Muleba kulaza bomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi sokoni. Vigingi vya mti vilivyoonyesha njia ya bomba viliishia mafigani. Vya chuma navyo vilipotea, akavikuta vimegeuzwa vichokoo vya kuchimbia viazi. Akajiuliza ni kitu gani ambacho Mhaya hathubutu kukigusa. Akapanda mulamula mmoja kila hatua ishirini, na injinia akampa mkono kwa werevu huo.

Werevu huo ulikuwa na ila moja. Mchoro uliagiza bomba lifuate njia ya watu, lakini mbele ya kibanja cha Yoeli, mume wa Ephrasia, mtaro uligonga mwamba. Yoeli akawaruhusu wapite katikati ya shamba lake. Hakudai fidia, aliomba koki moja tu kwenye pembe ya nyumba. Karugendo akaahidi kuiandikia ofisi.

Hakuandika. Angeandika, ofisi ingejua kwamba ameuacha mchoro bila ruhusa. Basi maji yakawa yanapita chini ya miguu ya Ephrasia usiku na mchana, naye anateremka bondeni na mtungi.

Yoeli alifariki mwanzoni mwa 1955, akazikwa kibanjani mwake, upande wa chini wa milamula ile. Miezi michache baadaye jirani yao Buberwa akarudi kutoka Uganda, alikokuwa kwa miaka kumi na mmoja. Akaona mstari wa milamula iliyokwisha komaa, akadai upande wa chini ni wake. Wazee wakaja, wakatazama, wakamkatia.

Ni vigumu kumlaumu. "Waitu, ndugu yangu, ningejuaje?" Buberwa anamwambia mwandishi. "Wakati wanachimba mimi sikuwapo. Na nani amewahi kupanda mulamula katikati ya shamba lake mwenyewe?"

Ephrasia akapoteza theluthi ya kibanja, kahawa yake nzuri, na kaburi. Kila alipotaka kupalilia alipolala mumewe, ilibidi kwanza apige hodi kwa Buberwa.

Neno la mjane peke yake halikutosha, na vibarua waliochimba walikwisha kutawanyika; shahidi aliyebaki alikuwa mmoja. Mama huyu akatembea hadi Kemondo, akalala kwa ndugu, kesho yake akafika Bukoba na kumkuta Karugendo mtaroni Miembeni. Karugendo anasimulia jibu lake mwenyewe, macho chini.

"Nilimwambia, mama, mimi ni mtu wa serikali, siingii kesi za mashamba. Ile ndiyo wiki niliyosikia habari za usimamizi. Nikamtazama akienda zake. Hata maji ya kunywa sikumpa."

Ikapita miezi kumi na minane. Kanisani kwao Buhembe, waumini husimama na kutubu hadharani. "Nilitubu hasira, nikatubu pombe ya ujanani," anasema. "Hili nililiruka. Kila Jumapili nililiruka."

Kilichomwamsha ni kazi yenyewe. Mwezi wa tatu ofisi ilimpa mafundi watatu awafundishe yalipo mabomba. Alipofika kwenye laini ya Muleba, mmoja wao, Ildefons, mtu mzima mzaliwa wa huko huko, akamkatiza: "Hapana, fundi. Ile ni milamula ya mpaka wa Buberwa. Hakuna bomba pale."

"Ndipo nikaona," anasema Karugendo. "Mafundi wa kesho wanajifunza kwangu, na mimi nimewaachia uongo kuwa ramani."

Akaomba ruhusa ya kufukua bomba. Akajibiwa kwamba ofisi haijihusishi na ugomvi wa wenyeji. Akachukua likizo yake, akapanda lori la Muleba na sururu yake.

Futi mbili, hakuna kitu. Futi tatu, mizizi na udongo mwekundu. Mzee mmoja anakohoa kwa makusudi. Karugendo anapanua shimo upande wa mlimani, kwa kuwa mvua za miaka minane zimeshusha udongo. Karibu na futi nne, sururu inalia juu ya chuma.

Anapiga magoti, anapangusa kwa kiganja. Haya hapa maungio, na katani aliyoizungushia kwa mkono wake bado imo.

"Chuma ni chuma," anasema mukungu, ameinamia shimo. "Nitajuaje kama kina maji?"

Karugendo analegeza maungio kwa spana. Maji yanaruka na kuilowesha kanzu ya mukungu kifua kizima. Baadhi ya wazee wanacheka.

Ephrasia hacheki wala hapigi vigelegele. "Tata," anamwambia Karugendo, kwa neno la kumwita baba, "ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Ulijua, na mimi ninabisha hodi kwa watu nipalilie kaburi la mume wangu."

Karugendo anachukua spana. Anakaza maungio.

Wazee wanarudisha ardhi kwa Ephrasia, kwa sharti moja: milamula hiyo aing'oe aliyeipanda, peke yake, mbele ya pande zote mbili. Inamchukua hadi saa saba mchana. Viganja vyake vinatoka damu. Buberwa anatazama miche yake ya kahawa, ambayo sasa imo katika shamba la mwenzake, kisha anaondoka bila kuaga mtu.

Wiki moja baadaye barua ikamfikia Karugendo: amefungua bomba bila ruhusa, jina lake limeondolewa kati ya waliopendekezwa. Usimamizi amepewa mtu wa mbali ambaye hajawahi kuiona Muleba. Suruali za kaki zimo sandukuni.

Sasa kila jioni akitoka kazini anaandika. Katika daftari lenye jalada gumu amechora kila bomba analolikumbuka, kila vali, kila kona, ili Ildefons na wenzake wapate kulirithi. Kwenye ukurasa wa Muleba ameandika kwa mkono wake: "Hapa niliacha mchoro bila ruhusa, 1949. J. Karugendo."

Amekwisha kununua koki ya shaba. Ameomba mara mbili aruhusiwe kuiunga kwa Ephrasia, na hajajibiwa. Anasema ataomba tena, na msimamizi mpya atakapofika, yeye ndiye wa kwanza atakayemkuta mlangoni.

Daftari zima limechorwa kwa wino, isipokuwa nukta moja ya penseli kwenye pembe ya nyumba ya Yoeli.

"Hiyo nitaipitishia wino," anasema, "siku mama yule atakapokinga maji."