Supu ya magome niliyonyweshwa Eldoret, na ua wa shamba la dada yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Jana humu watu walikuwa wanabishana kuhusu supplements za kwenye makopo. Nikakumbuka jambo lililonipata Kenya nikiwa kijana. Nitalieleza kama lilivyokuwa, sina ninachouza. Mkiona typing yangu ya kizee mnivumilie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi ni mtu wa Moshi. Dada yangu mkubwa, Felista, aliolewa na Mkikuyu mmoja fundi seremala, wakahamia Eldoret.

Wakati ule wazungu walikuwa wanauza mashamba yao na kuondoka, na wananchi wanaungana vikundi kuyanunua. Mume wa dada akaingia kwenye kikundi kimoja, shamba lenyewe liko upande wa Kapseret. Kabla hawajagawana ploti, akafariki.

Dada akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori: njoo haraka.

Kumbe kamati ya kikundi ilitangaza kwamba kila ploti iwe na ua na kibanda kabla mpima ardhi hajafika. Isiyo na ua inapewa mtu mwingine. Na mdogo wa marehemu, anaitwa Njoroge, mwenye duka pale mjini, alishamwambia dada, "Shemeji, rudi tu kwenu Tanzania. Hiyo shamba itakusumbua. Wachia mimi."

Nikapanda basi. Enzi za Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, mpakani hapakuwa na maswali mengi.

Wakuu, baridi ya Eldoret ni serious. Nasema hivyo na mimi nimezaliwa mlimani Kilimanjaro. Nilianza kuchimba mashimo ya nguzo kwa mbwembwe zote, kesho yake nikaanguka na homa.

Zahanati walinipa dawa na homa ikaondoka. Hilo naliweka wazi, asije mtu akasema mzee kasema tuache hospitali.

Tatizo ni kwamba mwili ulibaki mtupu. Chakula hakipiti. Nikiinua sururu mikono inatetemeka. Dada akawa anachimba mwenyewe, mtoto mgongoni, mimi nimekaa juani namtazama kama mgeni wa harusi. Usiombe yakukute.

Ng'ambo ya kijito alikuwa anaishi mama mmoja wa Kinandi, Mama Tapnyole. Mrefu, mkimya, ng'ombe wake anawaita kwa majina. Akaja, akanitazama, akamuuliza dada, "Huyu kijana amekuja kufanya kazi ama amekuja kulala?"

Dada akasema, "Alikuwa mgonjwa, Mama. Nguvu imekataa kurudi."

Akaondoka. Jioni akarudi na sufuria imefunikwa majani. Ni supu ya mifupa iliyochemshwa kutwa nzima na magome na mizizi ya porini. Rangi yake kama maji yaliyooshewa sufuria yenye masizi. Harufu sijui niilinganishe na nini, labda ngozi mbichi iliyoungua.

Nikaonja kidogo. Ulimi ukafa ganzi, machozi yakanitoka, na nikatapika palepale mbele yake.

Nilidhani atakasirika. Akajaza kikombe upya.

"Wewe unaonja," akasema. "Hii haionjwi. Funga macho, kunywa mara moja."

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua na sisi, watu hata hatujuani. Akanijibu, "Huyo Njoroge akichukua hapa, ataleta mtu sijui ni nani. Mimi nataka jirani najua sura yake. Kunywa."

Nikafumba macho nikaishusha yote. Safari hii ilikaa.

Akawa anakuja nayo asubuhi na jioni, na hakuna hata mara moja ilipopungua uchungu. Asikudanganye mtu kwamba ulimi huzoea. Ila njaa ilirudi. Niliamka asubuhi moja nikamaliza ugali wangu na wa dada, nikachukua sururu, na mikono haikutetemeka. Kama ni magome, au ni mafuta ya mifupa, au ni homa tu ilikuwa imechoka, sijui. Wataalamu wa humu watatuambia.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kama tingatinga. Nguzo za miti ya miwati, seng'enge, kibanda cha udongo, nyasi juu. Dada anakandika kuta, mimi nagongomea misumari. Mama Tapnyole alituazima ng'ombe wa kuvuta magogo.

Mpima ardhi akaja na kamati nzima, na Njoroge nyuma yao kavaa koti. Alipoona ua umesimama pande zote, aliuzunguka wote kwanza. Halafu akamwambia mwenyekiti, "Lakini Mzee, huyu aliyejenga si mtu wa hapa. Ametoka Tanzania."

Mwenyekiti, mzee mmoja wa Nyeri, akashika nguzo akaitikisa. Haikucheza. Akasema, "Tulisema iwe na ua. Hatukusema ijengwe na nani. Mama, jina lako kamili ni nani, tuandike?"

Dada akataja jina lake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Lake mwenyewe, la kubatizwa na la baba yetu, si la mume wala la shemeji.

Mama Tapnyole akawagawia kamati supu kwa heshima zote. Njoroge alipiga funda moja akazunguka nyuma ya kibanda kutema. Mimi niliinamisha kikombe mpaka tone la mwisho, na sijioni mshamba kukiri kwamba nilifurahi kuonwa.

Dada ameilima ardhi ile hadi uzee wake. Ana ng'ombe wa maziwa, watoto wamesoma, na akipiga simu Kiswahili chake kimekuwa cha Eldoret kabisa, ananicheka ninavyoongea.

Nilichojifunza: ukiwa ugenini na mtu akakuletea kitu kichungu, kabla hujakunja uso mtazame huyo aliyekuletea. Kama kakaa kutwa nzima motoni kwa ajili yako, funga macho umeze.

Nanyi je, wakuu, ugenini mlinyweshwa nini? Na kama kuna Mnandi humu anayeyajua hayo magome kwa jina, anisaidie. Mama yule sikuwahi kumuuliza.