Mwerebi Wenye Batobato

Mke wangu aliununua Mwanza, mti mfupi usiofika kiunoni, wenye majani ya kijani yaliyochanganyika na meupe, na ncha za rangi ya waridi. Muuza miche alimwambia ni mwerebi wa mapambo. Mierebi mimi naijua kwenye Biblia tu, na huko inaota kando ya mito. Sisi hapa Shinyanga tunaishi kando ya barabara ya vumbi, na maji ya bomba huja yanapojisikia. Basi mto nikawa mimi. Kila nikirudi kazini nilibeba dumu kwenda kuunywesha, huku mchicha wangu ukikauka pembeni kama mtoto wa kambo.

Majirani walikuwa na adabu. Walisimama uani, wakautazama, wakasema, "Poleni." Mke wangu akawaeleza kwamba ndiyo rangi yake. Wakasema poleni tena.

Kisha mama yangu akaja kututembelea kutoka kijijini. Mama amelima mihogo maisha yake yote, na kwake jani lenye mabaka meupe ni batobato, ule ugonjwa uliowahi kummalizia shamba zima. Alfajiri alichukua panga, akaukata mti mpaka kikabaki kisiki.

"Mayu wane, mama wee! Mnafuga ugonjwa, tena mnaumwagilia maji?" alinifokea nilipotoka.

Mke wangu alipoona kisiki alikusanya matawi yaliyokatwa. Mama alipokwisha kuondoka ndipo aliponiambia, "Mama yako na panga lake wasirudi hapa."

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawa hawakupigana, walinuniana, na kwa nyasi hilo ni baya zaidi. Niliogopa kweli. Mama ni mmoja, na mke ndiye ninayekula naye.

Kumbe mti ule unapenda kukatwa. Mvua za kwanza zilipoanguka, kisiki kilitoa machipukizi mengi, meupe kuliko mwanzo. Mke wangu alipiga vigelegele, hasira ikamwisha palepale, akampigia mama simu yeye mwenyewe.

"Shikamoo mama! Asante sana kwa kuukata. Umechipua, majani meupe yote!"

"Marahaba. Pole mwanangu," mama akasema kwa huruma kabisa. "Usilie. Jumamosi nakuja na jembe, tuung'oe na mizizi."