Ramani Iliyomalizika kwa Wakati

Mimi kazi sicheleweshi. Waulize wote tuliofanya kazi pamoja pale Eldoret, watakwambia: huyo ukimpa Ijumaa, ni Ijumaa. Mpaka leo mtu akija kwangu kuomba "siku mbili tu zaidi", huwa nakasirika kwanza ndipo namsikiliza.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na kwenda zao. Nilikuwa mchoraji kwa mhandisi mmoja Mwingereza, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Kikundi cha watu kilikuwa kimenunua shamba kubwa upande wa Turbo, na kila mwenye hisa angepata ploti yake. Mama yangu alikuwa na hisa moja. Tangu nizaliwe alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu kule Kesses na kulala kwenye kibanda cha mzungu, na alitaka kupanda mahindi mahali ambapo hakuna mtu angemwambia ahame. Aliuza ng'ombe wake wote kwa ajili ya hiyo hisa. Hakubaki na kitu kingine.

Ploti zilikuwa zimeshapimwa na kupewa nambari; kazi yetu ilikuwa kuchora barabara za hilo shamba, pamoja na mitaro ya kutoa maji ya mvua barabarani. Kamati ya kikundi hicho ilikuwa na utaratibu wake: ilitangaza siku ya kura kwanza, kanisani, tena mara mbili, halafu ndiyo ikatafuta mtu wa kuchora. Kura ilikuwa Jumamosi. Kila mwanachama angetia mkono kwenye kofia, atoe karatasi yenye nambari, na hiyo ndiyo ploti yake maisha yote. Bila ramani, hakuna kura. Jumatatu mwenyekiti alikuja ofisini, akavua kofia, labda ndiyo hiyo hiyo, akasema, "Watu wamengoja sana. Jumamosi ikifika bila ramani, wataninyonga."

"Utaipata Ijumaa," nikamwambia.

Ofisi ilikuwa na sheria moja: hakuna mtaro unaotiwa wino kabla mtu hajautembea kwa miguu mpaka mwisho, aone maji yanakwenda wapi. Mitaro ilikuwa minne. Mitatu niliitembea Jumanne na Jumatano, nikarudi na vumbi mpaka kwenye meno. Wa nne ulikuwa mbali, na Alhamisi nilitakiwa nitie wino. Wino kwenye kitambaa cha kuchorea ramani si mchezo. Ukikosea unakwangua kwa wembe polepole, na ukizidisha kinatoboka. Basi nikautazama mtaro wa nne nikiwa nimekaa kitini. Kuufikisha mtoni, maji yakamwagike huko, kungetaka siku nyingine nzima ya kupima. Nikaukatiza njiani, kwenye ploti ya arobaini na moja, nikamalizia na mshale mdogo, maridadi sana.

Ijumaa asubuhi mhandisi aliweka kidole kwenye huo mshale. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuagiza chai.

"Hii maji nakwenda wapi?"

"Yanaishia hapo, bwana."

"Nani nakaa hapo?"

"Hakuna mtu."

Ilikuwa kweli. Siku hiyo hakukuwa na mtu. Akatia sahihi, na ramani ikafika kwa mwenyekiti kabla ya saa sita mchana. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumamosi nilimpeleka Mama kwenye kura. Watu waliimba, wakaomba, wakapanga foleni. Zamu yake ilipofika alitia mkono kwenye kofia akakoroga muda mrefu, mpaka walio nyuma wakaanza kumtania. "Mama, hiyo ni kura, si ugali!" Akatoa karatasi. Hakujua kusoma, kwa hivyo akaniletea ikiwa bado imekunjwa.

"Nisomee."

Nikaifungua. Lo!

"Arobaini na moja," nikasema.

"Ni pazuri?"

"Ni karibu na barabara, Mama."

Alipiga vigelegele pale pale, na akina mama wengine wakamjibu. Ningeweza kusema. Lakini yeyote ambaye angebadilishana naye angepata maji yale yale. Wiki iliyofuata nilimwomba mwenyekiti mtaro uongezwe mpaka mtoni. Akasema ramani imeshatiwa sahihi, na wachimbaji wako kazini, tena wako mbele ya ratiba.

Mama alihamia na sufuria zake, akapanda mahindi. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yalishuka kwenye mtaro wa nne bila kupotea njia. Nilimkuta amefunga nguo juu ya magoti, yuko peke yake na jembe, anajaribu kuyafungulia maji njia, na mahindi yamekuwa manjano. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Mama, huu mtaro niliuchora mimi," nikamwambia. "Sikuja kupaangalia."

"Kwa nini hukuja?"

"Ramani ilitakiwa Ijumaa. Kura ilikuwa Jumamosi."

Aliegemea jembe.

"Mimi nimengoja shamba tangu nikikubeba mgongoni mpaka ukaota ndevu," akasema. "Hata Jumatatu ningengoja."